Tathmini ya programu zinazowalea wanafunzi wa makundi madogo katika utafiti wa tiba Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoendesha programu hizi na wanaotakiwa kuziandikia ripoti. Ni wa wanafunzi na wazazi pia, wakiwemo familia zetu zilizohamia Marekani, wanaotaka kujua ni programu ipi inatimiza inachoahidi. Msimamo wetu ni mmoja tangu swali la kwanza hadi la mwisho: kinachopimwa ni programu na chuo chake, na mwanafunzi ndiye shahidi.

Ni programu zipi zinazozungumziwa hapa?

Ni zile zinazowachukua vijana wa makundi yasiyoonekana sana maabara na kuwalea hadi wawe watafiti wa magonjwa, dawa na miili ya viumbe. Nyingi zilikuwa zikilipiwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, maarufu kama NIH. Mwaka 1972 taasisi hizo zilianzisha mpango wa kusaidia utafiti katika vyuo vyenye wanafunzi wengi wa makundi madogo. Katika muongo huohuo ikaja MARC kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Baadaye zikafuata nyingine za kuwalea watafiti vyuoni: RISE na IMSD, Bridges iliyowavusha vijana kutoka chuo cha miaka miwili hadi chuo kikuu, na PREP kwa waliomaliza shahada ya kwanza wakahitaji muda zaidi maabara kabla ya kuomba uzamivu. Mwaka 2014 ilianzishwa BUILD katika vyuo 10, na safari hii kituo cha uratibu na tathmini kiliwekwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), tangu mwanzo. Kuiweka tathmini ndani ya mpango kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia darasani ulikuwa uamuzi wa busara, na ulikuja baada ya miaka mingi ya kuitafuta tathmini wakati programu imeshakwisha.

Nje ya fedha za NIH zipo programu za vyuo vyenyewe. Inayotajwa kuliko zote ni Meyerhoff ya Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, kinachojulikana kama UMBC. Ilianzishwa mwaka 1988 na Freeman Hrabowski kwa fedha za Robert na Jane Meyerhoff. Mkupuo wa kwanza, yaani kundi la walioanza pamoja, ulikuwa wa 1989 na wa vijana 19, wote wanaume Weusi. Dkt. Kizzmekia Corbett, aliyekuwa mstari wa mbele katika utafiti wa NIH uliozaa chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna, alipita katika programu hiyo.

Nani anahesabiwa kuwa wa kundi lenye uwakilishi mdogo?

Kwa miaka mingi maelezo ya NIH yaliwataja Wamarekani Weusi, Walatino, Wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, na Wenyeji wa Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki. Wenye ulemavu walitajwa pia, pamoja na waliokulia katika hali ngumu: aliyewahi kukosa makazi, aliyelelewa na familia za malezi chini ya serikali, ambaye wazazi wake hawana shahada, aliyepata msaada wa masomo wa watu wa kipato cha chini, au aliyetoka kijijini. Waasia ni wachache katika idadi ya watu wa Marekani, lakini kwa ujumla hawakuwekwa humo kwa sababu maabara wapo wengi. Ndiyo maana tunasema "wenye uwakilishi mdogo" badala ya "wachache".

Mwanangu ametoka Tanzania (au Kenya, au Kongo) na anasoma Marekani. Anahusika?

Inategemea karatasi zake. Ruzuku za mafunzo za NIH zinawalipia raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hawezi kulipwa kwa ruzuku hizo, hata kama rangi yake ni ileile ya mwenzake wa benchi la pembeni. Familia za wakimbizi, zikiwemo nyingi za Kongo zinazozungumza Kiswahili, ziko kwenye nafasi tofauti: mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini, na akishaupata mlango huu unafunguka. Tumekutana na vijana waliokaa miaka miwili wakidhani programu hizi si zao kwa sababu tu hawakuzaliwa Marekani. Ulizeni mapema.

Kwa mtathmini hapa kuna mtego. Katika takwimu za elimu ya juu za serikali ya Marekani, mwanafunzi wa viza huandikwa kwenye safu ya peke yake na haingii kwenye hesabu ya rangi. Idara ikipiga picha ya wanafunzi wake na kuiweka kwenye kipeperushi, anayetazama atawaona Weusi sita. Kwenye jedwali la serikali huenda wakawa wawili. Ripoti inayochanganya hesabu hizi mbili hupotosha, hata kama aliyeiandika hakukusudia. Andika makundi yote mawili, kila moja kwenye safu yake.

Udahili unatathminiwaje? Haitoshi kuhesabu walioingia?

Haitoshi. Idadi ya walioingia ni mwisho wa safari yenye vituo vingi: waliouliza habari, walioanza kujaza maombi, walioyakamilisha, walioitwa kwenye usaili, waliopewa nafasi, na waliokuja kweli. Hesabu kila kituo kwa kila kundi, kisha tazama ni wapi watu wanapungua kuliko wenzao. Programu mbili zinaweza kudahili wanafunzi wanne kila moja huku matatizo yao yakitofautiana kabisa. Moja haipati waombaji, hivyo inahitaji kutembelea vyuo ambavyo haijawahi kuvikanyaga. Nyingine inapata waombaji 60, inawapa nafasi 20, na 16 wanakwenda kwingine. Hii ya pili ikiongeza safari za kutangaza programu itakuwa imetupa fedha, kwa sababu watu wake wanapotea baada ya kupewa nafasi.

Chukua siku ya usaili kama mfano wa kituo kingine. Idara inamwalika mwanafunzi kutoka jimbo jingine na kumwandikia: nunua tiketi, lipia hoteli, tutakurudishia. Hoteli inataka kadi ya benki ya kuzuia amana. Kijana ambaye mama yake anasafisha ofisi usiku hana dola 600 za kukaa nje wiki sita zikingoja saini ya mhasibu. Anaandika barua ya adabu kwamba amepata udhuru, na kwenye jedwali la udahili anaonekana kuwa "hakupendezwa na programu". Idara ikianza kulipia tiketi na chumba moja kwa moja, kituo hicho kinaweza kubadilika msimu huohuo. Jambo la namna hii hulioni kwenye jumla ya mwaka. Unaliona ukiwapigia simu waliojitoa na kuwauliza.

Mitihani ya kuingilia, hasa GRE, inasaidia kuchagua watakaofanikiwa?

Mwaka 2017 zilichapishwa tafiti mbili kuhusu jambo hili, moja ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt na nyingine ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, zote kwa wanafunzi wa uzamivu wa sayansi za tiba. Vanderbilt, alama za GRE zilihusiana kwa kiasi na maksi za muhula wa kwanza, lakini hazikutabiri nani angemaliza, angechukua muda gani, wala angechapisha makala ngapi. Chapel Hill nako alama hizo hazikutabiri uchapishaji. Kilichosaidia zaidi kilikuwa barua za mapendekezo za watu waliomwona mwombaji akifanya kazi maabara. Baada ya hapo programu nyingi ziliacha kuidai GRE.

Kuna tahadhari ya haki hapa. Tafiti hizo ziliwatazama waliokwisha kuchaguliwa, na walioachwa nje hatujui wangefanyaje. Barua za mapendekezo nazo zina ubaguzi wake, maana hupatikana kwa aliyewahi kupata nafasi maabara. Kwa hiyo idara iliyoondoa mtihani isidhani imemaliza kazi. Ipime kile ilichoweka mahali pake.

Kiwango cha kubaki masomoni kinakokotolewaje?

Swali hili ndilo linaloharibu ripoti nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo tutalikalia.

Tuchukue mkupuo wa kubuni wa wanafunzi 12 walioanza uzamivu mwaka 2016. Wawili waliondoka kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Mmoja aliondoka mwaka wa tatu akiwa na shahada ya uzamili. Mmoja alihamia chuo kingine akimfuata msimamizi wake. Mmoja yuko kwenye likizo ya ugonjwa. Saba wamehitimu.

Ofisi ya kwanza inaandika 7 kwa 12, yaani asilimia 58. Ofisi ya pili inasema wale wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa bado hawajawekwa kwenye ruzuku, hivyo si wa programu: 7 kwa 10, asilimia 70. Ofisi ya tatu inamtoa aliyehama na aliye likizo: 7 kwa 8, asilimia 88. Ni watu walewale. Kila ofisi ina maelezo ya kuitetea hesabu yake, na kila moja ikiwekwa peke yake kwenye ripoti itaonekana halali.

Ushauri wetu ni kwamba chini ya mstari, yaani kwenye idadi tunayogawia, aingie kila aliyesajiliwa siku ya kwanza. Aliyeondoka mwezi wa nne ndiye mwenye habari nyingi kuhusu mlango wenu, na kumfuta ni kujinyima. Aliyehama na bado anasoma aandikwe kuwa yumo katika sayansi, kwenye safu yake. Aliye likizo aandikwe "bado". Halafu watu wa tiba wana silaha nzuri tayari mikononi: uchambuzi wa Kaplan na Meier, uliochapishwa mwaka 1958, ambao wanautumia kila siku kupima muda wa wagonjwa kuishi. Unamhesabu kila mtu kwa muda aliokuwepo, pamoja na ambaye mwisho wake haujajulikana. Inasikitisha kuona profesa anayeutumia kwa ustadi kwenye saratani akiridhika na asilimia moja tupu anapowaandikia wanafunzi wake ripoti.

Muda nao ni sehemu ya hesabu. Utafiti wa Baraza la Shule za Uzamili la Marekani uliotolewa mwaka 2015 uliwafuatilia wanafunzi Weusi na Walatino wa uzamivu katika sayansi, hisabati na uhandisi kwenye vyuo 21. Baada ya miaka 7 waliokuwa wamehitimu ni asilimia 44, na baada ya miaka 10 ni asilimia 54. Programu inayohukumiwa baada ya ruzuku moja ya miaka mitano inahukumiwa kabla wengi hawajafika mwisho. Wadhamini wanaodai "idadi ya wahitimu" katika mwaka wa nne wanadai kitu ambacho hakijapata nafasi ya kutokea.

Tulinganishe na nani?

Kama huna wa kulinganisha naye, huna tathmini, una orodha ya watu wazuri. Wanafunzi wanaochaguliwa kwenye programu hizi huwa hodari tangu mwanzo, na wengi wangefanikiwa hata bila programu. Swali ni programu imeongeza nini.

UMBC ilipata njia ya busara. Kila mwaka wapo wanaopewa nafasi ya Meyerhoff wakaikataa na kwenda vyuo vingine. Alama zao na hamu yao ya sayansi zinafanana na za waliokubali. Watafiti wakayafuatilia makundi yote mawili kwa miaka mingi, na wakaona kwamba wana-Meyerhoff walikuwa na uwezekano wa takriban mara tano zaidi wa kwenda kusomea uzamivu wa sayansi. Njia hii ina udhaifu: anayekataa nafasi huenda amevutwa na chuo tajiri, au tangu mwanzo moyo wake uko kwenye udaktari wa hospitali. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko kuwalinganisha wachaguliwa na chuo kizima.

Njia ya pili ilitumika kwa RISE. Wesley Schultz, Mica Estrada na wenzao walichukua wanafunzi wa RISE na wengine wasiokuwemo kutoka vyuo mbalimbali, wakawaoanisha kwa hesabu ili kila mwana-RISE apate mwenzake wa hali inayokaribiana naye, kisha wakawatumia dodoso mwaka baada ya mwaka. Makala yao ya 2011 ilionyesha kwamba hamu ya kuwa mtafiti ilishuka kwa wasiokuwemo na ikadumu zaidi kwa wana-RISE. Angalia vizuri: programu haikuipandisha hamu, iliizuia isife. Bila kundi la kulinganisha, mstari usiopanda ungesomeka kama kushindwa.

Programu ndogo isiyo na uwezo wa tafiti hizo bado ina la kufanya. Linganisha na mikupuo ya idara yako kabla programu haijaanza. Linganisha pia pengo kati ya makundi ndani ya idara. Kama wanafunzi Weupe wa idara wanahitimu kwa asilimia 85 na wa programu kwa asilimia 60, jambo la kulifuatilia ni hilo pengo la pointi 25, limepungua au limekua.

Kwa nini wanaondoka? Tuwaulizeje?

Dodoso la kuridhika halitakwambia. Mwanafunzi anayetegemea barua ya msimamizi wake kwa miaka 20 ijayo ataweka alama "nimeridhika" na kuendelea na safari. Badilisha swali. Ukimwuliza, "Unaridhika na usimamizi?" atajibu ndiyo. Mwulize, "Mara ya mwisho ulipompelekea msimamizi matokeo yaliyoharibika, mazungumzo yalikwendaje?" hapo atakusimulia. Mwulize pia nani alimwambia kuhusu fomu ya ufadhili wa mwaka wa pili, na alijua lini. Mara nyingi utakuta wenzake waliambiwa kwenye chakula cha jioni ambacho yeye hakualikwa, akaja kujua wiki moja kabla ya mwisho.

Anayeuliza asiwe mtu wa idara. Hili tunalisisitiza kwa sauti kubwa kwa sababu linavunjwa kila siku: mratibu wa programu, ambaye ndiye anayesaini malipo ya mwanafunzi, anamwita ofisini na kumwomba aseme ukweli wote.

Kuna kipimo kingine kinachostahili nafasi. Estrada na wenzake, pia mwaka 2011, walipima mambo matatu kwa wanafunzi wa makundi haya: kujiamini kwamba anaweza kazi ya sayansi, kujiona kuwa ni mwanasayansi, na kukubaliana na maadili ya jamii ya wanasayansi. Yote matatu yalihusiana na nia ya kuendelea. Yalipowekwa pamoja kwenye hesabu moja, yaliyobaki na nguvu yalikuwa mawili ya mwisho. Programu zinazomwaga fedha zote kwenye masomo ya ziada zinaimarisha la kwanza tu. Mtu anaweza kujua kila mbinu ya maabara na bado akahisi ni mgeni humo.

Wasimamizi wa maabara nao wanatathminiwa?

Wanapaswa, na ni hapa ambapo programu nyingi hupata kigugumizi. Toa orodha ya kila maabara ya idara kwa miaka 10: wanafunzi wangapi waliingia, wangapi walihitimu, kwa muda gani, na majina yao kwenye makala yalikuwa ya kwanza mara ngapi. Mara nyingi walioondoka hawakutawanyika sawasawa, na maabara mbili au tatu hubeba sehemu kubwa. Idara inajua. Wanafunzi wa mwaka wa nne wanajua na huwanong'oneza wapya. Tathmini inayoliacha jambo hilo kwenye minong'ono na kupendekeza warsha ya ustahimilivu kwa wanafunzi imewaonea.

Idadi yetu ni ndogo mno. Wanafunzi watano kwa mwaka. Takwimu zitasema nini?

Zitasema kidogo, na ni vema kukubali hivyo. Mtu mmoja kati ya watano ni asilimia 20; akiugua mama yake, "kiwango" chenu kimeporomoka. Usitoe asilimia ya mwaka mmoja. Unganisha mikupuo ya miaka mitano au zaidi, andika idadi kamili kando ya kila asilimia, na simulia safari za watu kwa kina. Vyuo jirani vyenye programu kama yenu vinaweza kukubaliana maana moja ya kila kipimo na kuunganisha takwimu. BUILD ilifanya hivyo kwa kuwa na orodha moja ya vigezo vya mafanikio kwa vyuo vyote.

Udogo huo unaleta pia suala la faragha. Kama ni Mwenyeji wa asili mmoja tu katika idara nzima, kuandika "mwanafunzi mmoja Mwenyeji wa asili alisema…" ni kumtaja jina. Rekodi za wanafunzi Marekani zinalindwa na sheria ya mwaka 1974, na mahojiano yanayokusudiwa kuchapishwa hupelekwa kwanza kwa kamati ya maadili ya utafiti.

Wakishahitimu, kazi ya tathmini imekwisha?

Hapo ndipo inapoanza kuuma. Kenneth Gibbs na wenzake walichapisha makala mwaka 2016 kuhusu idara za sayansi za msingi kwenye vyuo vya tiba vya Marekani. Kati ya 1980 na 2013, idadi ya wanaopata uzamivu kila mwaka kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo iliongezeka mara 9.3, wakati kwa makundi mengine iliongezeka mara 2.6. Ajira za uprofesa msaidizi hazikufuata ongezeko hilo. Waliunda kielelezo cha hesabu kikaonyesha kwamba hata wahitimu wakizidi kuongezeka kwa kasi hiyo, sura ya walimu wa idara hizo isingebadilika sana kufikia mwaka 2080, kama njia ya kuajiri inabaki ileile. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Gibbs alikuwa ameonyesha kwamba wahitimu hawa humaliza wakiwa na hamu ndogo zaidi ya kazi ya uprofesa katika vyuo vya utafiti kuliko wenzao, hata uchapishaji wao ukiwa sawa.

Kwa wanaoingia kwenye kazi hiyo, fedha ndizo zinazofuata. Utafiti wa Donna Ginther na wenzake katika jarida la Science mwaka 2011 ulitazama maombi ya ruzuku za NIH ya miaka 2000 hadi 2006. Waombaji Weusi walikuwa nyuma ya Weupe kwa pointi 13 za asilimia katika kupata ruzuku. Baada ya kuzingatia elimu, mafunzo, uchapishaji na tuzo za awali, pengo la pointi 10 lilibaki. Mwaka 2019 utafiti mwingine, ulioongozwa na Travis Hoppe, ulikuta kwamba sehemu ya pengo, zaidi ya asilimia 20 yake, inatokana na mada: watafiti Weusi huomba zaidi fedha za kuchunguza afya ya jamii na tofauti za afya kati ya watu, na mada hizo zilipewa fedha kidogo. Sisi hatulichukui jibu hilo kama la kufariji. Aliyeingia utafiti ili achunguze kwa nini mama zake wanafariki kwa shinikizo la damu ameambiwa kwa lugha ya fedha kwamba swali lake ni la pembeni.

Kwa hiyo mfuatilieni mhitimu. Majedwali ya ruzuku za mafunzo ya NIH yamekuwa yakitaka habari za wahitimu hadi miaka 15. Mwombe kila mmoja, kabla hajarudisha ufunguo wa maabara, barua pepe isiyo ya chuo na namba yake ya ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti ambayo ni ya bure na inamfuata popote anapochapisha. Mwaka 2005 kamati ya Akademia za Taifa za Sayansi iliyopewa kazi ya kuzitathmini programu za NIH kwa makundi haya ilieleza kwamba kukosekana kwa takwimu nzuri za waliopita humo kuliizuia kutoa hukumu kamili. Zaidi ya miaka 30 ya fedha na juhudi, na majina hayakuwa yametunzwa.

Kuwa mwangalifu na neno "mafanikio" hapa. Anayefundisha baiolojia katika chuo cha kabila lake Montana, au anayefanya kazi idara ya afya ya mji, yuko ndani ya sayansi. Fomu inayomhesabu kuwa amepotea inapaswa kubadilishwa.

Meyerhoff inaweza kunakiliwa kwingine?

Ndiyo, kwa ushahidi. Chuo Kikuu cha Penn State na Chapel Hill vilianzisha programu za mfano huo, vikashirikiana na UMBC kwa miaka kadhaa, na mwaka 2019 matokeo ya awali yalichapishwa: vijana wao walibaki kwenye sayansi na kupata alama zinazokaribia za wana-Meyerhoff. Vilichukua mfumo mzima: wiki sita za kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, kusoma kwa vikundi, ufadhili wa masomo, utafiti mapema, na wakuu wa chuo wanaojulisha wazi kwamba hili ni lao. Anayechukua kambi ya kiangazi peke yake kwa sababu ni rahisi asishangae.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2023 na yaliyofuata yameathiri nini?

Juni 2023 mahakama hiyo iliamua kwamba vyuo haviwezi kutumia rangi kama kigezo cha udahili. Haikukataza kuhesabu. Chuo bado kinaweza kujua nani ameomba, nani ameingia na nani ameondoka, na tunaona wajibu huo umekuwa mzito zaidi sasa. Meyerhoff yenyewe ilifungua milango kwa watu wa rangi zote mwaka 1996, baada ya mahakama ya rufaa kubatilisha ufadhili wa wanafunzi Weusi pekee katika chuo kingine cha Maryland mwaka 1994, na iliendelea kuwatoa watafiti Weusi kwa wingi. Historia hiyo inafaa kusomwa na kila mratibu mwenye hofu leo. Pigo la mwaka 2025 ni la aina nyingine: serikali ilisitisha ruzuku nyingi za mafunzo za NIH zilizolenga makundi haya, nyingine katikati ya mwaka wa masomo.

Vipimo hivi vinafaa kwa programu za Afrika Mashariki?

Hesabu inafaa, makundi hayafai kunakiliwa. Kwenye mafunzo ya watafiti kama yale ya KEMRI-Wellcome pale Kilifi au ya Makerere, swali la nani hayupo lina majibu mengine: wanawake katika ngazi za juu, vijana wa jamii za wafugaji, waliosoma sekondari za kata zisizo na maabara. Kuhesabu kila aliyesajiliwa, kuwa na wa kulinganisha naye na kumfuatilia mhitimu ni mambo yaleyale.

Ruzuku yetu imekatwa. Kuna maana ya kuendelea na tathmini?

Ipo, na fanyeni wiki hii kabla mfanyakazi anayejua mafaili hajahamishwa. Hifadhini orodha ya mikupuo yote kwenye seva ya chuo, na maana ya kila safu iandikwe kwa maneno. Waandikieni wahitimu wote mpate anwani zao mpya. Wanafunzi walioko katikati wawekwe kwenye safu yao, na tarehe ambayo malipo yao yalisimama iandikwe, pamoja na nani alibeba gharama baada ya hapo: msimamizi, idara, au hakuna. Mkiulizwa miaka mitano ijayo kukatwa kwa fedha kulifanya nini, jibu litakuwa kwenye safu hiyo.